Mbegu za Muhogo Sileti

Awindiri, Arua

Mama yangu,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, halafu nalisalimu goti lako, maana nasikia siku hizi lina usemi mkubwa kuliko mwenye nalo. Ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado unakwenda zahanati ukiwa umeshika bega la Zaina? Mvua zimeanza huko? Paa la jikoni limezibwa, au mnaendelea kuhamisha sufuria kila inaponyesha? Mimi ni mzima. Mwezi uliopita malaria ilinilaza siku nne, ikapita. Nakula, nafua nguo zangu mwenyewe, na chumba changu hakivuji.

Zaina, najua wewe ndiye unayesoma kwa sauti. Tafadhali, dada, usimrukie Mama mistari, hata pale utakapoona najiharibia jina.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, Mama, na wewe ukishanikatiza mimi huwa nakubali. Mwenzetu mmoja anakuja Tanga kwenye mafunzo, ndiye aliyebeba bahasha hii. Uliniagiza nije na mzigo wa mbegu za muhogo, zile mpya ambazo umesikia haziozi, kwa kuwa ugonjwa wa michirizi kahawia umelimaliza shamba lako la bondeni. Jibu langu ni kwamba mbegu sileti. Usinune bado. Nisikilize mpaka mwisho, halafu nuna unavyotaka.

Kazi yangu unaijua kwa juujuu, kwamba natibu mihogo. Sitibu chochote. Muhogo ukishaingiwa na virusi hauna dawa. Kazi yetu ni kujua ugonjwa umefika wapi, umefikaje, na ni mbegu gani inayoustahimili. Napita mashambani na daftari, nageuza majani, nahesabu inzi weupe walio chini yake, nakata vijani vidogo naviweka kwenye bahasha kwa ajili ya maabara. Tuko watu wa nchi tatu nne katika kazi moja. Mimi nimetokea huko, Dokta wetu, mama mmoja mkali wa mimea, ni Mganda, na mwenzangu wa kila siku ni Kasereka kutoka Kongo, ambaye mpaka wa kwao ukitoka hapa Arua ni safari fupi ya pikipiki. Tunapeana majibu, hata yale ya aibu, kwa sababu ugonjwa wa upande mmoja ukifichwa, msimu unaofuata uko upande wa pili.

Kiswahili kipo huku, ila kina mwendo wake. Kila kitu iko. Ng'ombe iko, mvua iko, njaa iko. Watu wana lugha zao za nyumbani, Arua Kilugbara, Koboko Kikakwa, na Kiswahili walikipokea kutoka jeshini na sokoni. Nikifungua mdomo mimi, wanacheka. Kuna mama aliniambia siku ya kwanza, "Wewe naongea kama redio. Haya, sema matokeo ya mpira." Tangu siku hiyo jina langu kwake ni Tanzania. Hajawahi kuniita Hamisi.

Mama huyo ndiye habari yenyewe. Anaitwa Mama Poni. Ni mjane, analima Midia, wilaya ya Koboko, na tuliazima kipande cha shamba lake kufanyia majaribio. Nakwenda kwake kila wiki. Mwanzoni nilikuwa nafika, nafanya kazi, naondoka. Akaniuliza kama kwetu mgeni hukojoa shambani kwa watu na kwenda zake bila kukaa. Nikakaa. Kuanzia hapo kila ziara ilikuwa na chakula: ugali wao wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi, mzito, na mboga ya majani iliyotiwa simsim, yaani ufuta, iliyosagwa. Siku moja akachinja kuku. Mama, unanijua kwenye kuku.

Huku mbegu ya muhogo haiuzwi na hainyimwi. Mtu akikuomba, unamkatia. Binti akiolewa, anaondoka na mzigo wake kutoka shamba la mama yake, na shamba lake la kwanza linatokana na huo. Anayekataa kutoa anaonekana ana roho mbaya kuliko mwizi. Basi siku ya yule kuku, mwaka jana mvua za kwanza zilipokuwa zinaanza, Mama Poni aliniambia, "Tanzania, nasikia huko Arua iko na muhogo mpya, mnene. Mimi nimelima, ardhi iko wazi. Nipe kidogo."

Kitalu kilikuwepo kweli, nje kidogo ya mji, upande wa Oli. Na sheria yetu ilikuwepo: hakuna pingili ya kupanda inayotoka kitaluni kabla ya majibu ya maabara. Majibu yalikuwa yamechelewa. Nilikwenda kuikagua ile mihogo mti mmoja mmoja. Majani safi, kijani kibichi, hayana doa wala kukunjamana. Nikajiambia mvua haingoji maabara. Nikakata mzigo mmoja, nikaufunga nyuma ya pikipiki, nikaupeleka Midia. Mama Poni alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nilijisikia mtu mkubwa, sitaki kukudanganya.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Kitalu kilikuwa na virusi vya michirizi kahawia. Wewe ugonjwa huo unaujua kuliko vitabu: mti unapendeza juu, huku chini mzizi unaoza. Dokta aliamuru kitalu kizima king'olewe na kuchomwa. Mimi ndiye niliyewasha moto. Nilisimama pale moshi ukiniingia machoni, nikijua kuna mzigo mmoja ambao haumo kwenye ule moto, na sikufungua mdomo.

Zaina, endelea kusoma.

Nilikuwa na sababu zangu. Kwamba huenda pingili zake zilipona. Kwamba Dokta angenifukuza. Kwamba Mama Poni alikuwa ameshazipanda mlangoni kwake, mahali pa kuonyesha wageni, na kila nikifika ananishika mkono kunipeleka kuzitazama. Ningemwambia nini? Niliendelea kula chakula chake mwaka mzima. Nikifika, nageuza majani, naona ni mazuri, naandika daftarini habari za kipande cha majaribio tu. Mlangoni kwake sikuandika chochote.

Mwezi uliopita alisema mihogo ya Tanzania imekomaa, nami ndiye wa kwanza kuionja. Akang'oa mti mmoja. Mizizi mikubwa, mizuri kwa nje. Akamenya mmoja, akaukata katikati. Ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu kama gome. Akakata wa pili. Akakata wa tatu. Akaweka kisu chini, akauliza, "Hii nini?" Nikasema ni ugonjwa. Akauliza, "Umetoka wapi?" Na kabla sijajibu, alikwisha kugeuka kutazama ng'ambo ya tuta.

Ng'ambo ya tuta kuna ukanda mdogo ambao Mama Poni alimwazima mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini, wanamwita Mama Taban. Analisha watu sita pale. Mihogo yake ni ya kienyeji, michungu, aliyoipata kwa wakimbizi wenzake, na ina batobato. Majani yamekunjamana, yana madoa ya njano, yanatia huruma. Mtu yeyote akiambiwa hapa kuna shamba lenye ugonjwa, atanyoosha kidole kule. Lakini batobato haiozeshi mzizi, Mama, wewe unalijua hilo. Inadumaza tu. Chini ya yale majani mabaya kulikuwa na mizizi midogo, mizima, myeupe pe.

Mama Poni alisema, "Ule mwanamke ndiyo alileta. Angalia majani yake. Mimi nilimpa ardhi, yeye alinipa ugonjwa." Alisema Jumapili baada ya kanisa angeita kikao cha majirani, Mama Taban aambiwe avune vyake na ardhi irudi. Halafu akanigeukia. "Na wewe utakuja. Wewe iko mtaalamu. Utasema mbele ya watu, ugonjwa umetoka wapi."

Nilisema tungoje maabara. Ndiyo, maabara ileile ambayo sikuingoja nilipotaka vigelegele. Nilikata majani na vipande vya mizizi pande zote mbili za tuta, nikavipeleka Arua, na safari hii majibu hayakuchelewa hata kidogo. Ukanda wa Mama Taban ulikuwa na batobato peke yake. Mlangoni kwa Mama Poni kulikuwa na michirizi kahawia kila mti.

Kasereka ndiye aliyeyasoma kwanza. Yeye ni mtu wa mzaha, hata mvua ikimlowesha anaishukuru. Siku hiyo hakucheka. Alifungua daftari la vitalu, akatafuta mbegu ile ya Mama Poni iliandikwa wapi, hakuiona, akanitazama. "Hamisi, hii mbegu ilitoka wapi? Hapa haiko." Nikamwambia yote, toka kuku mpaka moto. Akafunga daftari, akasema, "Ndugu yangu, mimi sitakusemea. Lakini ule mama wa Sudani akifukuzwa, watu sita watakula nini? Daftari?"

Nikaenda kwa Dokta siku hiyohiyo. Nilisimama mlangoni kwake, sikukaa. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Aliuliza swali moja tu: kama nimemwambia mwenye shamba. Nikasema bado. Akasema, "Basi kwangu hujamaliza. Jumapili nitakuja, na utakayezungumza ni wewe."

Jumapili tulikaa uani kwa Mama Poni, majirani kama kumi na wawili, wengine bado na nguo za kanisani. Mama Taban alikaa mwisho wa mkeka, mikono mapajani. Kiswahili anakijua, alikipata utotoni vita vilipomleta huku mara ya kwanza. Mama Poni alieleza wema wake wote kwa huyo mama, kipande kwa kipande, akamalizia, "Sasa Tanzania aseme."

Nilisema, "Ugonjwa sikuuona kwa Mama Taban. Wake ni mwingine, na hauozeshi. Ugonjwa huu uliletwa na mbegu niliyokuletea mimi." Kuku walikuwa wanapekua majani yangu ya mfano niliyoyaleta kuonyesha, na hakuna aliyewafukuza.

Mama Poni aliuliza, "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema juzi, majibu yalipotoka. Hata Dokta angenisamehe uongo huo. Nikasema, "Tangu mwaka jana. Wiki sita baada ya kukuletea."

"Na umekula kwangu."

"Nimekula."

"Kila wiki."

"Kila wiki, Mama."

Alilia. Hakulia kwa sauti. Alijifuta kwa ncha ya leso yake, akamwambia mtu mmoja afukuze wale kuku. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na ninakuandikia hapa ili uijue, kwa kuwa ulinilea nisikuletee mtu nyumbani wa kunisema. Nimejisema mwenyewe.

Dokta akachukua zamu, akaeleza la kufanya. Mihogo yote ya mlangoni ing'olewe, miti ichomwe, mzizi utakaokutwa mzima ndani uliwe, na pale pasipandwe muhogo mpaka tulete mbegu iliyopimwa, yenye karatasi. Jirani mmoja mzee akauliza Mama Poni atakula nini mpaka hapo. Ndilo swali la Kasereka, ila sasa lilimhusu mtu mwingine.

Hapo Mama Poni aliinuka. Akavuka tuta, akasimama mbele ya Mama Taban, ambaye alikuwa amekwisha kurudi kwenye ukanda wake maana hakupenda kukaa pale watu wakimtazama. Sikuwahi kumsikia Mama Poni akisema pole kwa mtu, na hata siku hiyo hakusema. Alisema, "Nipe mbegu yako kidogo, nipande."

Kila mtu alielewa. Huku ukimwomba mtu mbegu umekwisha kumwita ndugu. Mama Taban alishika panga saa hiyohiyo, akainama kukata. Na mimi, Mama, mimi niliyeanzisha yote, ilinibidi nipige kelele kutoka uani: "Hapana! Hiyo nayo ina batobato!"

Wote wawili waligeuka wakanitazama. Nilidhani watanipiga na lile panga. Mama Taban akamwuliza mwenzake, "Huyu anataka tule nini, karatasi yake?" Mama Poni akacheka. Ni kicheko cha hasira, lakini alicheka. Kisha Mama Taban akaniuliza kama kula kuna shida. Nikasema kula hakuna shida hata kidogo. Akaweka panga chini, akachukua jembe, akachimba mashina matatu, akayaweka mikononi mwa Mama Poni na udongo wake. Tangu siku hiyo nyumba ile inakula kutoka kwenye ukanda ambao ilikuwa inataka kuunyang'anya. Habari ya kuhama haijatajwa tena.

Mimi sijafukuzwa. Nimepewa barua ya onyo, na sina ruhusa ya kugusa pingili, nahesabu inzi tu. Naona ni haki. Dokta ameiandika kesi yangu kwenye taarifa inayokwenda kwa wenzetu wa nchi zote, bila kutaja jina, lakini kila mtu analijua.

Ndiyo maana mbegu sileti, Mama. Zingefika kwako zimependeza. Ungezipanda bondeni, ungemkatia mama Sefu, mama Sefu angemkatia mkwewe, na mimi ningekuwa nimekuletea balaa kwa mkono wangu huku nikila pilau yako. Nenda kwa bwana shamba wa kata, mwambie unataka mbegu iliyopimwa. Atakuzungusha. Zungukana naye. Zaina aende nawe, yeye hachoki kugombana.

Kuna jambo la mwisho, nalo nimelichelewesha kwa makusudi. Mama Poni, kabla ya kujua lolote, alimkatia binti yake Poni, aliyeolewa Ludara, mzigo kutoka kwenye ile mihogo yangu. Poni akawakatia mawifi zake. Mmoja wa mawifi ana dada ng'ambo, Kongo. Mpaka leo tumehesabu nyumba saba. Kwa hiyo ile likizo ya mwisho wa mwezi nimeiomba niitumie huku. Siji, Mama. Najua umeshatengeneza kitanda. Najua Zaina ameshawaambia watu. Inaniuma, na huenda inakuuma wewe zaidi, ila siwezi kukaa barazani kwako nikinywa chai huku nyumba saba zinapalilia mihogo iliyooza zikidhani nimewafanyia wema.

Dokta alitaka kumtuma ofisa. Mama Poni akakataa. Alisema hakuna binti atakayemruhusu ofisa ang'oe mbegu aliyopewa na mama yake. Atakwenda yeye, nami niende naye. Kasereka atatupokea upande wa Kongo, ameshazungumza na watu wake.

Nisalimie Zaina na mumewe, na wanawe wote bila kumruka yule mkorofi. Msalimie Mjomba fundi, mwambie paa la jikoni ni la kwake, asisingizie misumari. Msalimie Shangazi wa Pongwe, na mama Sefu jirani, ila habari ya mbegu mweleze wewe mwenyewe, polepole. Bibi mwambie bado naswali na bado sijaoa.

Nyumba ya kwanza ni ya Poni, tunakwenda Alhamisi. Mama Poni amenipangia tutakavyofanya: yeye atashika jembe, na mimi nitaanza kusema.

Mwanao anayekuomba radhi,

Hamisi